Jina Langu kwa Ubao wa Ndungu

Mpendwa mshauri Gaudencia, naomba unisaidie, na usinibembeleze kama mtoto, mimi ni cucu, nyanya wa watu.

Niko na fahali hapa Mweiga, anaitwa Kahora kwa sababu hajawahi kuharakisha hata akiitwa kula, na asubuhi ukungu ukishuka kutoka Nyandarua unamfunika mwili wote, unaona pembe mbili tu zikielea, unafikiri mlima wenyewe umeamka unacheua. Wiki mbili zilizopita alikohoa, daktari wa mifugo akamdunga sindano, akaniambia, "Cucu, asichinjwe mpaka siku ishirini na nane ziishe, dawa itoke mwilini." Mimi sikusoma, kwa hivyo niliweka maharagwe ishirini na nane kwa mkebe, na kila asubuhi natoa moja.

Sasa Ndungu wa bucha ya Ruring'u ako na ubao mlangoni, kila nyama anaandika kwa chaki imetoka kwa boma ya nani, na siku nilipomuuzia kondoo aliandika WATIRI, MWEIGA, nikasimama hapo nikiangalia mpaka miguu ikafa ganzi, kwa sababu maisha yangu yote jina hilo nililiona kwa kitambulisho tu, na mwalimu mmoja anaitwa Masinde, ameshika mtoto wake mkono, akasema, "Nipe hiyo kilo mbili, hiyo najua ni ya nani."

Kwa hivyo Ndungu alipopiga simu ati anataka Kahora Jumamosi hii, nilikubali kabla hajamaliza. Akauliza, ati ni mzima? Nikamwambia, mzima kabisa! Na Jumamosi maharagwe kumi na moja yatakuwa bado kwa mkebe. Fahali anang'aa, hakuna mtu atajua, lakini kila nikilala naota chaki ikidondoka kutoka kwa ule ubao, nyeupe, polepole, inaangukia sahani za watu kama umande, na yule mtoto wa Masinde anailamba. Jirani yangu Wangui, anayeniandikia barua hii, ananicheka: "Watiri, na miaka sabini na sita, leo ndiyo unataka kuwa staa wa bucha?" Nimemwambia aandike hata hiyo. Nifanye nini?

Watiri, Mweiga

*

Mama Watiri, pole. Sasa kaa chini nikugombeze.

Ulijua. Asiyejua hahesabu maharagwe. Mkebe wako unasema ukweli kuliko mdomo wako.

Usiniambie Kahora anang'aa, dawa haionekani kwa manyoya. Masinde hajui fahali wako wala sindano yake. Anajua jina lako tu, na kwa jina hilo anamlisha mtoto wake. Ndungu hakuliandika ili mlango upendeze.

Tamaa yako naielewa, mama. Mimi pia nikisikia jina langu redioni huwa naongeza sauti.

Leo, kabla ya kazi za boma, mpigie Ndungu. Usiseme Kahora amepotea, usiseme umebadilisha mawazo. Sema, "Nilikudanganya, alidungwa sindano, siku hazijaisha." Atafoka. Mwache afoke, ni haki yake. Akinyamaza, mwombe Jumamosi aandike vile vile, WATIRI, MWEIGA, na chini yake: BADO SIKU KUMI NA MOJA.

Halafu uende Ruring'u, usimame hapo uangalie jina lako mpaka ushibe. Mkebe uubebe. Masinde akiuliza mbona ndoano ya nyama ni tupu, mfungulie mkebe ahesabu.