Jibini kwa Pua ya Bibi

Tarehe 6 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na miguu inasemaje? Mimi mzima, ila nanuka. Usicheke kabla sijaeleza.

Wamenihamisha kazi hapa kiwandani. Sioshi tena mitungi ya maziwa. Sasa niko chumba cha chini, jibini zinakolala mpaka ziive. Ni rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini, na juu yake magurudumu ya jibini, mekundu kama matofali. Kazi yangu ni kuzisugua kwa brashi na maji ya chumvi, kuzigeuza na kuzirudisha. Harufu yake, Bibi! Soksi zilizolala kiatuni, zizi la asubuhi, na kitu kingine kinachotoa machozi. Siku ya kwanza nilitoka nje mbio. Fundi wetu, mzee asiyependa maneno, akanifuata na kipande kwenye ncha ya kisu. Nikaziba pua, nikatia mdomoni. Halafu nikaachia pua.

Bibi, sina maneno. Ndani ni laini, tamu, siagi na nyama iliyochomwa kwa pamoja. Ni maziwa yale yale unayouza wewe, chumvi kidogo, na kuachwa gizani basi. Ni nani huyo aliyethubutu kuonja wa kwanza?

Mjukuu wako,
Kijiko


Tarehe 1 Machi

Kijiko wangu, mkomba masufuria,

Marahaba, mjukuu wangu. Barua imefika, nashukuru haikunuka. Miguu ipo, inaniburuta tu. Ile homa ya mwisho wa mwaka imekwisha, ila chakula hakinipandi. Ni uzee, usijali.

Sasa na wewe! Mimi nimeuza maziwa tangu mama yako hajaota meno. Nilikuwa nafunua kopo la mfugaji, navuta harufu mara moja, najua ng'ombe kala vitunguu. Yaliyochacha niliyamwaga mtaroni mbele ya mwenyewe, awe jirani, awe shemeji. Leo mjukuu wangu wa damu analipwa kuyabembeleza yanuke! Watu wakiniuliza unafanya kazi gani, niwajibu nini?

Hebu ilete niihukumu mwenyewe. Duka nimelifunga kwa muda kwa ajili ya hii miguu, kwa hiyo nafasi ninayo.

Bibi yako


Tarehe 20 Machi

Bibi,

Shikamoo. Pole na miguu. Hilo la kufunga duka limenishangaza, maana hukulifunga hata ulipovunjika mkono.

Mzigo anauleta mwenzangu, fundi friji, anayekuja likizo. Yule fundi wetu mzee ndiye aliyeichagua jibini yenyewe, ile kali kuliko zote chumbani. Nimeifunga kwa karatasi, mfuko na taulo, na bado fundi friji ameniangalia kwa jicho baya. Iache mezani kidogo ipungue ubaridi, kisha uinuse kabla ya kuonja. Niandikie neno la kwanza litakalokutoka, hata kama ni tusi.

Mjukuu wako,
Kijiko


Tarehe 9 Aprili

Kijiko,

Hujambo mwanangu? Sisi wazima. Mzigo umefika. Fundi friji aliuweka mlangoni akakataa hata chai, sijui ana haraka gani.

Mjukuu wangu, wamekudanganya. Haina harufu. Nimeigeuza, nimeikata, nimeisogeza mpaka ikanigusa pua, hakuna kitu. Kuionja ndiyo kama kutafuna mshumaa. Au mmeniletea ya watoto?

Isitoshe nimepata balaa jingine. Jirani yangu mshonaji kaingia kajifunga kitambaa usoni, anasema kuna panya kafa humu ndani. Tumesogeza kitanda, tumesogeza kabati, jasho linatutiririka. Panya hatumwoni. Muda wote huo jibini yako iko mezani, haina faida kwa mtu.

Bibi yako


Tarehe 24 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za kazini. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikakaa chini. Bibi, hakuna panya.

Pua yako haisikii harufu tangu ile homa, si ndiyo? Ndiyo maana chakula hakipandi. Ndiyo maana umefunga duka. Kwa nini hukuniambia? Tafadhali, jiko la gesi usiliwashe peke yako, mwite jirani anuse kwanza.

Nimemweleza fundi wetu. Kumbe hata yeye pua yake iliwahi kuzimwa na homa, akajua kazi imekwisha. Kila asubuhi alikuwa anaisogeza jibini puani, anafumba macho, anaikumbuka ile harufu kwa nguvu zake zote. Ikarudi polepole. Anasema wengine haiwarudii, sikufichi. Nakuomba usiitupe. Jaribu.

Mjukuu wako,
Kijiko


Tarehe 17 Juni

Bibi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kama nimekukosea kwa kusema wazi, nigombeze kama zamani, lakini uandike. Huku nasugua jibini na kukuwaza.

Kijiko wako


Tarehe 30 Julai

Kijiko wangu,

Marahaba, tena mara mbili. Mimi mzima. Nilikasirika, ni kweli, ila si kwako. Bila pua mimi ni nani? Mtaa mzima unanijua kwa pua. Niliona aibu nikaisingizia miguu, nayo maskini haina kosa.

Lakini sikuitupa. Kila asubuhi nimeitoa kwenye friji, nimefumba macho, nimevuta. Ilikuwa kama kunusa ukuta. Ikabadilika rangi, ikalegea, jirani akaapa hakanyagi kwangu mpaka tuizike. Mimi nikaendelea.

Juzi nimeisogeza kama kawaida, mawazo yangu yako kwingine. Kitu kikapita. Kidogo sana. Nikavuta tena. Kikarudi: zizi, majani yaliyolowa, kisha buti za babu yako akitoka kukamua, anazivua mlangoni nami namfokea. Buti zake, Kijiko! Mtu aliyetutoka zamani hivyo, yumo jikoni kwangu. Nikapiga kelele, "Inanuka! Inanuka!" Jirani kaja mbio, kasahau hata kitambaa chake. Tukakaa mbele ya kile kipande, watu wazima wawili, tunakitazama. Kisha nikaonja. Ulisema huna maneno. Mimi pia sina.

Leo nimefungua duka. Aliyeleta kopo la kwanza ni shemeji yangu. Nikafunua, nikavuta mara moja. Yamechacha. Nimeyamwaga mtaroni mbele yake huku machozi yananitoka, na yeye maskini ananiomba msamaha.

Bibi yako, mwenye pua