Mtu wa Chuma Nje ya Pazia

Likoni, Jumanne usiku

Ati mtu wa chuma si mwanamume, kwa hivyo aweza kuingia chumbani kunihoji. Inspekta huyu hajui kuwa nimo edani? Mume wangu ameuawa juzijuzi tu.

"Ana macho?" nilimuuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Anayo, mama."

"Basi na abaki nje nawe."

Wanataka niseme kakangu Bakari ndiye aliyemuua. Nikawaambia, mwanangu akinililia mapajani: usiku ule Bakari alikesha hapa, akimbembeleza mtoto huyuhuyu mwenye homa.

Inspekta akacheka. "Dada hamtupi nduguye."

Yule wa chuma akasema taratibu, "Bwana, nausikia moyo wake. Hasemi uongo."

"Nyamaza wewe."

Nimechoka, wallahi. Lakini wakirudi kesho nitasema yaleyale. Chuma kimesikia, binadamu naye atasikia.