Nondo Nne

2 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sasa ni wa kitanda na dirisha. Muuguzi ananilisha kwa kijiko na kunifokea kama mtoto. Wewe je, mgongo umepoa?

Kuna jambo nimekuficha miaka thelathini na moja. Ningelala nalo kaburini, ila barua yako imenionyesha kwamba umelirithi. Unasema mteja wa ghorofa anakuzungusha, basi kwenye mchoro uliompa, boriti ya baraza umeiandikia nondo nne badala ya sita, kama nilivyokufundisha. Akilipa, unampa karatasi iliyo sahihi. Asipolipa, nyumba itamdai yenyewe.

Maneno hayo ni yangu. Yafute. Baraza lile lililoanguka likamuua fundi, nilikuambia mteja asiyelipa aliiba rasimu yangu akajenga ovyo. Hakujenga ovyo. Alifuata mchoro. Aliyeandika nne ni mimi.

Baba yako

5 Juni

Baba, shikamoo.

Mgongo haujambo. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Pole, Baba. Lakini naomba niulize bila adabu kidogo: mimi nile nini? Huyu mteja namwita Mzee wa Ijumaa, maana kila nikimpigia ni "Ijumaa, dada, Ijumaa." Ijumaa saba zimepita. Wa kabla yake alichukua ramani akabadilisha namba ya simu. Leo nyumba yake ina mapazia.

Na mteja wako, si alijenga kwa mchoro ambao hakuulipia? Basi alijitakia. Wangu anamwaga zege tarehe tisa. Akilipa kabla, atapata nondo zake sita.

Binti yako

6 Juni

Mwanangu,

Salamu fupi leo, pumzi ni kidogo. Muuguzi mwenyewe anakuletea barua hii kwa basi.

Unauliza ule nini. Usishike penseli kabla mteja hajaweka nusu mezani. Andikeni karatasi moja, msaini wote wawili: kazi gani, lini, marekebisho mangapi. Kila mchoro upige muhuri mkubwa katikati, RASIMU, SI YA KUJENGEA. Karatasi ya nondo kaa nayo, na umwambie machoni kwamba unakaa nayo. Asiye na karatasi atasimama. Mwenye karatasi ya uongo atajenga.

Na anayepanda juu ya zege si mteja, mama. Ni fundi, na hakuna anayemwambia nani kalipa.

Tarehe tisa iko mlangoni. Nenda.

Baba yako

10 Juni

Baba, shikamoo. Pumzi imerudi?

Nilifika mashine ya zege ikinguruma. Nondo nne zilikuwa zimeshafungwa. Fundi mkuu akanitania kuwa mchoraji amekuja kuonja tope. Nilipomwambia afungue, zinatakiwa sita, kosa ni langu, utani ukaisha. Alinitazama, akasema taratibu, "Dada, chini ya hii boriti nimetandika mkeka wangu wa kupumzikia."

Zikafungwa upya, sita, mimi nikihesabu. Mzee wa Ijumaa amesaini karatasi na nusu ameleta. Ramani ya paa ninayo mimi, na nimemwambia hivyo machoni.

Jambo moja linanikwama. Mahakamani ulisema mteja wako alikuwa hajalipa, ndiyo maana alikuwa na rasimu tu. Alifungwa miaka sita kwa maneno hayo. Hilo angalau lilikuwa kweli?

Binti yako

24 Juni

Mwanangu,

Usihangaike kuuliza hali yangu. Naandika mistari miwili kwa siku, mingine naichana. Wiki mbili nimejifanya nimelala kila muuguzi akiniletea kalamu.

Mteja yule alikuja ofisini na mkewe siku tisa kabla ya zege. Karatasi sahihi ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati nilikuwa nimeuacha nyumbani. Nilisema nitampelekea kesho karatasi moja ndogo. Sikumwambia ni ya nini, nisije nikaonekana tapeli. Kesho yake nilipata kazi mpya, nikasahau. Naye hakuona sababu ya kuingoja.

Mahakamani walipoulizia kitabu changu cha risiti, nilisema kimepotea. Nilikuwa nimekichoma jikoni, mama yako akisonga ugali kando yangu bila kuuliza, kwa sababu ndani yake kulikuwa na ukurasa wenye saini yangu, ambao sikumchania akaondoka nao.

Alikuwa amenilipa yote.