Mkono Begani Kwenye Foleni ya Hija

Uko hewani? Usipige, andika tu. Mwenzio nimejificha chooni huku hija.

Unanijua mimi na umati. Tunapanda kuelekea kanisani, watu wamebanana, kimya, kila mtu na sala yake. Mara nasikia mkono begani. Juu ya mkanda wa mkoba!

Nageuka, mama mtu mzima, rozari mkononi, macho kafumba. Nikasema moyoni, hawa ndio wenyewe. Mwizi gani hajui kufumba macho?

Nikautoa mkono. Ukarudi. Nikautoa. UKARUDI! Nikaukumbatia mkoba kwa mikono miwili, natembea shingo imegeuka nyuma kama bundi. Sala hata moja haitoki.

Mlangoni nikamvaa: "Mama, unatafuta nini kwangu?"

Akashangaa. "Nakuombea, mwanangu. Si sista alitangaza getini? Kila mtu amshike bega aliye mbele yake, amwombee."

Getini! Sista anatangaza, mimi nahamishia simu kifuani.

Na bado sikumwamini. Nikafungua mkoba mbele yake, nikakagua. Kila kitu kipo.

Kumbe mzee aliyekuwa mbele yangu anasikia yote. Akageuka taratibu. "Na wewe binti, uliniombea nini? Mbona sikusikia mkono?"

"Afya, baba." Ilinitoka tu!

Mzee akaanza kulia. Akanishika mikono yote miwili. "Nani kakwambia naumwa?"

Yuko hapo nje ananisubiri nimalizie kumwombea. Mimi! Natokaje humu?