Mshiriki Namba Nne

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia upande ngazi bila kushikwa mkono. Mimi mzima, ila nimekonda. Usimwambie Kaka, atasema vitabu haviliwi.

Nina jambo dogo. Unajua mwaka huu wa tatu wa shahada yangu ya uzamivu unalipiwa na mfuko wa ufadhili: ada, chumba, hata karatasi hii. Sasa Kamati ya Maadili ya chuo inataka fomu ya ridhaa ya kila mtu ambaye maneno yake nimeyatumia kwenye tasnifu. Wewe ni mmoja wao, maana nimetumia vipande vya barua zako. Vipande tu. Tafadhali weka sahihi pale nilipotia alama kwa penseli, na penye tarehe andika 10 Machi ya mwaka juzi, ionekane nilikuomba kabla sijaanza kuandika. Ni mambo ya ofisi tu. Fomu isipofika kabla ya tarehe 31 Machi, mfuko unaacha kunilipia.

Nimeifungia ndani ya karatasi chakavu isikunjike. Hizo zitupe.

Binti yako


19 Februari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Bahasha yako ilinifikia Jumanne ya juma lililopita, nami nakuomba radhi kwa kukawia kuijibu. Goti halijambo. Nakuomba radhi pia kwa haya yatakayofuata, kwa kuwa sijazoea kukuandikia nikiwa katika hali hii.

Uliniagiza nizitupe karatasi chakavu. Nadhani umesahau kazi ya baba yako. Kwa miaka thelathini na mmoja nilisoma na kusahihisha prufu katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, na tangu hapo karatasi iliyochapwa haijapata kupita mikononi mwangu bila kusomwa, hata ile ya kufungia sabuni. Karatasi zako zilikuwa kumi na moja, kutoka sura ya nne. Nilizisoma kalamu nyekundu ikiwa mkononi. Ukurasa wa 112, mstari wa sita, pana mkato usiohitajika. Ukurasa wa 114 umenipunguzia umri; nina miaka sabini na sita, si sabini na nne. Ukurasa wa 115 umeandika hivi, nami nanakili nisije nikakusingizia:

"Mshiriki Namba Nne, mgane, alichelewesha matibabu ya mkewe kwa muda wa karibu saa tatu kwa sababu ya kile anachokiita 'adabu'. Kisa chake kinaonyesha namna heshima ya mwanamume mbele ya majirani inavyotangulizwa kuliko uhai wa mwanamke."

Hapo sikuona kosa lolote la chapa.

Mwezi ule wa maziko uliniandikia: "Baba, nieleze siku ile yote, usiache kitu, nataka niwe nayo." Nilikaa siku nne nikikuandikia. Nilikueleza kwamba mama yako alibanwa na kifua Jumapili mchana, akanituma kwa jirani yetu Bwana Gari nimwombe atupeleke hospitali. Kwamba nilifika mlangoni pake nikawaona wageni wameketi mezani, nikarudi. Kwamba nilikwenda mara ya pili wakawa bado wanakula, na mara ya tatu mgeni mmoja alikuwa amesimama akitoa shukrani, nami sikupenda kumkatiza. Kwamba kila niliporudi nilimkuta mama yako ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, mkoba mapajani, tayari kwa safari. Kwamba hatimaye Bwana Gari mwenyewe alitoka kusindikiza wageni wake, akaniona, na tulipofika getini pa hospitali mama yako alikuwa amekwisha kukata roho. Hayo sijamwambia padri, wala kaka yako. Nilidhani mtoto wangu anaomboleza pamoja nami. Kumbe nilikuwa nahojiwa.

Uniwie radhi, nimekasirika. Unaziona herufi zangu zilivyo.

Kuhusu tarehe unayoitaka, hiyo ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu tumzike. Siku hiyo nilizunguka jikoni asubuhi nzima nikitafuta mahali mama yako alipokuwa akiweka chumvi. Hakuna mtu aliyeniomba ridhaa ya jambo lolote. Siwezi kuiandikia uongo siku hiyo. Fomu nimeilaza ndani ya kamusi, haina sahihi.

Wako katika masikitiko,
Baba yako


2 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijambo, na salamu ziishie hapo.

Nilikosea kuifungia fomu kwa kurasa zile, na nilikosea kutokukuomba mapema. Hayo ni yangu nayabeba. Mengine siyabebi.

Nilipokuomba unisaidie ada ya mwaka wa kwanza, ulinijibu kwa kurasa sita za kuomba radhi. Kaka alipotaka mashine ya kuchomelea, uliuza kiwanja ndani ya wiki moja na hukumwomba radhi mtu. Siku ile mezani akaniambia, "Daktari gani huyu asiyeweza kutibu hata kuku?" Wewe ukacheka, halafu ukaniomba radhi kwa kucheka. Nimesahihisha mitihani ya wanafunzi mia tatu kila muhula, miaka miwili, ili nipate kula. Ndipo wakaja watu wa mfuko wakaniuliza, una kitu gani ambacho wengine hawana? Sikuwa na kitu, ila boksi la viatu lenye barua zako. Nikawasomea ile ya Jumapili. Mmoja wao alivua miwani. Wakauliza, mwenyewe ameridhia? Nikasema ndiyo.

Nilikuwa naomboleza, Baba, na nilikuwa nahoji. Sikujua kuvitenganisha, na mpaka leo sijui. Lakini barua ile nimeisoma kuliko kitabu chochote, na kila mara nakwama pale penye viatu. Alivivaa mwenyewe, na maumivu yale, kwa sababu alijua utamwambia asitoke peku mbele za watu. Bwana Gari ulimwandikia kumwomba radhi kwa usumbufu wa Jumapili yake. Nakala niliiona mezani kwako. Mama hujamwomba.

Weka sahihi, na uandike tarehe ile. Nakuomba ukose adabu mara moja tu kwa ajili yangu.

Binti yako


24 Machi

Baba,

Shikamoo. Siku ishirini na mbili hujanijibu. Kaka anasema u mzima, unakula, na umemtuma akununulie wino. Wino wa nini, sijui, maana kwangu haujafika.

Mwenye nyumba amepita kuuliza kama mwezi ujao nitakuwepo. Nimemwambia namsubiri baba yangu. Nijibu, hata kama ni kukataa.

Binti yako


2 Aprili

Baba,

Leo sikuamkii.

Jana Mwenyekiti wa Kamati aliniita ofisini. Mezani pake palikuwa na fomu yangu na barua yako ya kurasa nne. Sahihi umeweka. Penye tarehe umeandika 21 Machi ya mwaka huu, na kwenye barua ukafafanua kwa mwandiko wako mzuri kwamba hapo awali hukuombwa ridhaa, na kwamba ulishauriwa kuandika tarehe nyingine lakini "kwa heshima zote" hukuweza. Ukamwomba radhi kwa kumpotezea wakati.

"Baba yako ni mwungwana sana," akaniambia. Kisha akasimamisha ufadhili wangu. Nitasikilizwa tarehe 17. Wakiamua vibaya, nafukuzwa chuo.

Ungekataa, ningekuelewa. Ningelia, ningekutukana moyoni, ningekuelewa. Lakini hukuniambia mimi. Ulimwandikia mkubwa mwenye ofisi, mtu usiyemjua, kwa sababu huko ndiko adabu ilikokuelekeza, na mimi nikabaki nakusubiri. Umenitendea kama ulivyomtendea Mama. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, Baba, na viatu vyangu miguuni.

Binti wa Mama


22 Aprili

Mwanangu,

Goti linauma. Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipoimaliza sikuweza kuketi.

Tarehe 15 nilipanda basi. Tarehe 16 mchana nilikuwa chuoni kwako, katika jengo lenye ngazi hamsini na mbili, nikimwulizia Mwenyekiti. Karani wake alinitazama toka viatu hadi kofia.

"Mzee, una miadi?"

"Sina."

"Basi rudi saa tisa. Yuko chumba cha mwisho anakula na wanakamati wenzake na wageni kutoka mfuko wa ufadhili."

Nilimshukuru, nikaenda hadi chumba cha mwisho. Mlango wake una kioo. Niliwaona, watu saba, uma zikigonga sahani, na mmoja amesimama akitoa shukrani. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa na haukwenda popote. Miguu yangu, mwanangu, iligeuka yenyewe. Nilipiga hatua nne kurudi kwa karani, nazo nilizihesabu. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo sijapata kuijua tangu nizaliwe, nayo haikuwa juu yako. Nikarudi nikaingia bila kubisha hodi.

"Mzee, samahani, tunakula," alisema Mwenyekiti.

"Nawaona."

"Labda saa tisa?"

"Saa tisa mtakuwa mmeshiba. Mimi ndiye Mshiriki Namba Nne."

Yule aliyekuwa akitoa shukrani alibaki na bilauri mkononi. Niliwaambia kwamba binti yangu amesema uongo juu ya tarehe, na kwa hilo wamwadhibu watakavyo. Niliwaambia kwamba ukurasa wa 115 ni kweli tupu, na ikiwa wanataka kuutupa kwa kuwa mwenye maneno hakuulizwa, basi mwenye maneno amekuja, wamuulize. Nikawaambia pia kwamba barua niliyomwandikia Mwenyekiti niliiandika ili nibaki msafi, huku nikijua nani atachafuka. Walinivutia kiti nikakataa. Waliniuliza mengi, hata juu ya viatu, nikajibu yote nikiwa nimesimama, mpaka mchuzi ukaganda kwenye sahani zao. Kama siku ya pili yake uliona wanakusikiliza kama watu waliokwisha kukijua kisa, sasa unafahamu walikijulia wapi.

Kaka yako amenisomea ujumbe wako, kwamba umepewa onyo kali la maandishi, sura inabaki, na malipo yatarudi Juni. Onyo unalistahili. Yeye anasema sasa utibu kuku. Nimemwambia anyamaze, na kwamba mashine yake ya kuchomelea ilikuwa ada yako. Hajanisemesha tangu juzi.

Chumbani kwako sikufika, ingawa palikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Ulinipokonya kitu nilichokupa kwa siri ukakiweka mbele ya watu, na hilo bado linaniwasha. Lichukulie hivyo hivyo. Nitakuja likipoa.

Yabaki masahihisho ya ukurasa wa 115. Futa neno "adabu" pamoja na alama zake za kunukuu, uandike "woga". Kisha pale ulipoandika "karibu saa tatu" pamekosewa. Saa ya ukutani nilikuwa naitazama kila nilipoingia na kila nilipotoka. Zilikuwa dakika mia moja themanini na nne. Andika hivyo.

Wino ulionisalia nimemwandikia mama yako. Ni barua ndefu, na haitaingia katika boksi lako la viatu.

Baba