Fyuzi ya ABS

Jumanne, Karatu

Mama mkwe amevunjika nyonga. Kile kilio chake bado kimo masikioni mwangu.

Tulipotoka naye kijijini Qurus, tope lilikuwa baya. Kila mume wangu alipokanyaga breki, pikapu iliserereka tu. Akachomoa fyuzi ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge breki ikikanyagwa.

"Sasa magurudumu yatajifunga, yatachimba tope," alisema.

Kweli, tulishuka mlima salama. Nikamshukuru Mungu.

Kwenye lami iliyolowa hakuna aliyekumbuka kuirudisha fyuzi. Mbuzi wakakatiza, mume wangu akakanyaga breki, magurudumu yakajifunga. Alizungusha usukani, gari halikugeuka. Tukaishia mtaroni.

Hospitalini mama mkwe aliniambia, "Msimlaumu mwanangu. Niitieni."

Nilimkuta mume wangu nje, ameinama. Nikamwambia mama yake anamwita.

"Nitamtazamaje?"