Matete Yaliyosafisha Kijito cha Burungu

Burungu, tarehe 9 Juni 1956

Mpendwa mudogo wangu Dorothée,

Jambo sana kutoka huku mulimani. Uko namna gani huko Pinga? Mimba haikusumbui sana? Na bwana wako Marcellin, kifua chake kimepoa? Sisi tuko wazima, Mungu asifiwe. Mama anaumwa magoti wakati wa baridi, lakini mudomo wake haujazeeka hata kidogo.

Maharagi yametoka vizuri. Jirani yetu Papa Symphorien akija huko na mbuzi zake, atakuletea kikapu.

Sasa sikia. Siku tulimuzika Benoît wako, kuhara kulipomumaliza, uliapa mbele yetu wote kwamba mutoto wako mwingine hatakunywa maji ya Burungu. Sikukulaumu. Vyoo vilikuwa kandokando ya kijito, na mvua ikinyesha, uchafu wote uliteremuka kule tunakochota.

Mudogo wangu, vile vyoo tumevifunga! Tulijenga choo cha kijiji mbali na kijito. Maji yake, pamoja na ya kuoga na kufua, yanaingia katika shimo la mawe, na uchafu muzito unabaki mule. Halafu yanapita polepole katika changarawe tulimopanda matete, yanaishia kwenye migomba. Hakuna simenti, hakuna mashini. Ni mawe yetu na jasho letu tu. Harufu imekwisha, na ile migomba imenenepa kuliko mimi.

Mwanzoni choo kilikaa bure, watu wanarudi vichakani karibu na maji. Muzungu wa afya, aliyetuonyesha kazi hii, alikasirika, akasema sisi ni wavivu. Mama Mukasine ndiye alimujibu: "Mimi sitachuchumaa mahali mukwe wangu amechuchumaa, hata munifunge." Alisema ukweli. Kwetu mama mukwe na bwana wa binti yake hawakutani hata njiani, sasa watakutana chooni?

Basi nilisimama katikati ya wanaume, mimi dada yako. Niliwaambia tujenge vyoo viwili, cha wanaume upande mumoja wa mulima, cha wanawake upande mwingine, kila kimoja na njia yake. Mifereji ikutane chini, kwenye matete, huko hakuna wa kuona haya. Walinicheka. Halafu walichukua majembe. Leo muzungu anawaleta watu wa vijiji vingine kuangalia, na mimi natembea shingo juu, usiniulize.

Mvua yote ya mwaka huu imepita, na hatukuzika mutoto hata mumoja sababu ya kuhara.

Kwa hiyo rudi uzalie nyumbani. Wewe uliapa, na mimi leo naapa: maji ya kwanza ya mutoto wako nitayachota mimi mwenyewe katika kijito chetu, na nitayanywa mbele yako kwanza.

Musalimie Marcellin na mama mukwe wako Agathe. Mama anakusalimia, na jana alifagia kaburi la Benoît. Mungu akulinde njiani mpaka mulangoni petu.

Mimi dada yako akupendaye sana,
Geneviève